Viwango vya sauti kabla ya masta: ile −6 inatoka wapi na inatosha lini

Kuna namba moja inayozunguka studio za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, iwe studio yenye spika za mamilioni au chumba cha kulala chenye laptopu na godoro lililoegemezwa ukutani: −6. "Acha desibeli sita kwa ajili ya masta." Yaani vilele vya miksi, ule mchanganyiko wa vyombo na sauti, viishie desibeli sita chini ya kikomo, kabla ya masta, hatua ya mwisho ya kuuandaa wimbo utoke. Prodyuza anayeanza huambiwa hivyo na aliyemtangulia, naye humwambia mwenzake, na ni nadra mtu kuuliza hizo sita ni za kazi gani. Basi mtu anamaliza miksi iliyobanwa na limita (inayozuia vilele kupita kikomo) hadi mawimbi yake kwenye skrini yamejaa kama tofali, halafu anashusha feda kuu, kitelezi cha sauti ya wimbo mzima, mpaka mita isome −6, anatuma. Sharti limetimizwa, lakini faili lenyewe halina tena pa kufanyiwa kazi.

Shida ni kwamba tunapoongea habari za levo huwa tumekusanya mambo manne yasiyofanana. Kuna kiwango unachorekodia. Kuna kiwango kinachoingia ndani ya plagini, zile programu ndogo za kuchakata sauti. Kuna uwiano wa vyombo, yaani nani yuko mbele na nani yuko nyuma. Halafu kuna ukubwa wa wimbo mzima unapotoka kwenye chaneli kuu. Kila kimoja kina kanuni yake, na ushauri mzuri kwa kimoja ukiupeleka kwenye kingine unaharibu.

Tuanze na sifuri yenyewe. Katika mfumo wa kidijitali sauti hupimwa kutoka juu kwenda chini. Kikomo ni 0 dBFS (desibeli zinazohesabiwa kutoka kikomo hicho), na kila kilicho halali kiko chini ya hapo, ndiyo maana namba zote zina alama ya kutoa. Wimbi likitaka kupita kikomo, kilele chake hukatwa kikawa bapa, nasi tunasikia mkwaruzo, sauti imepasuka. Ukishusha desibeli 6, urefu wa wimbi unakuwa nusu. Kwa hiyo −6 ni nusu ya urefu wote unaopatikana, −12 ni robo, −18 ni sehemu moja ya nane. Sikio halihesabu hivyo: watu wengi huanza kusema sauti imepungua kwa nusu inaposhuka desibeli kama 10. Ukilishika hilo, namba hazitakutisha. Chaneli inayosoma −18 si dhaifu hata kidogo.

Kurekodi: acha kuogopa namba ndogo

Ushauri wa kurekodi kwa nguvu, karibu kabisa na taa nyekundu, ni urithi wa tepu. Tepu ina mchakacho wake wa kudumu, na fundi mitambo alilazimika kuisukuma sauti juu ili iufunike. Bendi za dansi zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam zilipiga zote kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache, kwa hiyo uwiano wa magitaa, tarumbeta na waimbaji ulipangwa palepale: nani asogee karibu, nani arudi hatua mbili. Hapakuwa na kurekebisha baadaye. Ukizisikiliza rekodi zile leo utasikia jinsi gitaa la solo linavyokaa mahali pake bila kumfunika mwimbaji, na kazi hiyo ilifanywa na masikio na miguu.

Sidii zilipoingia sokoni mwaka 1982 zilikuja na biti 16, ambazo hutoa nafasi ya desibeli 96 hivi kati ya sauti kubwa kabisa na kelele ya chini. Kila biti moja ni desibeli 6. Rekodi ikikaa chini mno, biti zinapotea bure, kwa hiyo bado kulikuwa na sababu ya kusukuma. Leo karibu kila kadi ya sauti hurekodi kwa biti 24. Kwa hesabu ya kwenye karatasi, hizo ni desibeli 144. Kwa vifaa halisi unapata kama 110 hadi 120, kwa sababu saketi zenyewe zina kelele. Hata ukirekodi vilele vyako viishie −12, kelele za kifaa bado ziko chini sana kuliko feni ya dirishani na bodaboda za nje.

Kwa hiyo mwimbaji akiwa mbele ya maikrofoni, weka vilele vyake kati ya −12 na −10, na umpime kwenye kiitikio, sehemu anayotoa nguvu zote, usimpime kwenye ubeti anaonong'ona. Waimbaji wengi wakati wa kupima sauti huimba kwa upole. Taa ikiwaka nyekundu ya kurekodi wanaongeza desibeli 5 au 6 bila kujua. Kilichopasuka wakati wa kurekodi kimepasuka. Kuna plagini za kuunga vilele vilivyokatwa, lakini zinakisia tu.

Kabla ya plagini na baada yake

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Katika programu nyingi sauti hupita hivi: klipu yenyewe na geini yake (kiasi unachoikuza au kuipunguza), kisha plagini moja baada ya nyingine, kisha feda, kisha chaneli kuu. Feda iko mwisho wa msafara. Ukishusha feda, kompresa iliyo juu yake, ile plagini inayobana sauti ikizidi kizingiti, haijui chochote. Inaendelea kubana kama ilivyokuwa. Ukishusha geini ya klipu, kompresa inapokea sauti ndogo na huenda isifanye kazi kabisa.

Chukua sauti ya mwimbaji yenye vilele vya −3 ikiingia kwenye kompresa iliyowekewa kizingiti cha −20. Kompresa inashika desibeli 17 zote zilizo juu ya kizingiti. Kwa uwiano wa nne kwa moja, zile 17 zinarudi nje zikiwa kama 4, maana yake vilele vimebanwa desibeli 13 hivi. Sauti inatoka imekufa, pumzi zimepanda, "s" zinachoma. Shusha klipu ileile desibeli 9, mipangilio mingine usiiguse: vilele sasa ni −12, juu ya kizingiti zimebaki 8, na kompresa inabana 6 tu. Mwimbaji amerudi kuwa mtu. Prodyuza wengi wakishaona sauti imekufa hukimbilia kubadilisha kompresa, au kununua nyingine, wakati tatizo ni kiwango kilichoingia.

Plagini zinazoiga mitambo ya zamani zina mahali zinapopapenda. Mitambo hiyo iliongozwa na mita ya sindano iliyobuniwa mwaka 1939 na Bell Labs pamoja na mashirika ya utangazaji ya CBS na NBC. Sindano ile huchukua milisekunde 300 kutulia, kwa hiyo inaonyesha wastani wa sauti na kuviruka vilele vya haraka. Sifuri ya sindano, inapohamishiwa kwenye kompyuta, kwa desturi ya Ulaya hulinganishwa na −18 dBFS, na kwa desturi ya Marekani −20. Watengenezaji wengi wa plagini za aina hiyo wamezipima karibu na namba hizo. Ukiingiza sauti yenye wastani wa −18, plagini inafanya kama mtambo halisi. Ukiingiza wastani wa −6, inaunguza, na ukirundika nne au tano zinazounguza kwenye kila chaneli, ndipo miksi nzima inakuwa na ukungu ambao ikulaiza (ya kupandisha na kushusha masafa) haiuondoi.

Basi kabla ya kugusa feda yoyote, pitia klipu zako zote na uzishushe au kuzipandisha kwa geini ziwe na wastani karibu na −18. Sampuli za ngoma ziangalie zaidi, maana kiki (ngoma nzito ya chini) na snea (ngoma kali ya juu) za kupakua huja zikiwa zimegonga sifuri tayari. Kwa hizo angalia vilele, −10 hivi inatosha.

Uwiano, ambao ndio miksi yenyewe

Sauti zikikutana zinajumlika, na hesabu yake inafaa kuijua. Nakala mbili za sauti ileile huongeza desibeli 6. Sauti mbili tofauti zenye kiwango sawa, tuseme gitaa na kinanda, huongeza kama desibeli 3 kwa wastani. Vyombo vinne huongeza 6, vinane 9, kumi na sita 12. Fikiria mradi wa chaneli kumi na sita, kila moja ikiwa na wastani wa −18. Jumla ni wastani wa −6, na kwa kuwa vilele vya muziki huupita wastani kwa desibeli 10 au zaidi, chaneli kuu imeshapita sifuri ingawa hakuna chaneli hata moja iliyowaka nyekundu. Hapo mtu anashangaa: kila chombo kiko salama, mbona wimbo unapasuka?

Ndiyo maana mimi hupenda kuanza na feda zote zikiwa chini kabisa, kisha kupandisha vitu viwili vinavyobeba wimbo. Kwa Bongo Fleva ya kawaida ni sauti ya mwimbaji na kiki. Kiki peke yake igonge −10 hivi kwenye mita kuu, kisha mwimbaji aingie mpaka maneno yote yasikike, kisha besi, kisha vingine kila kimoja kikiulizwa kazi yake. Kwa wimbo wa dansi ningeanza na mwimbaji na magitaa, kwa sababu pale magitaa ndiyo yanayoongea. Ngoma inakuja kuwashika. Kwa taarabu ya vyombo, ganuni, fidla na akodiani hukaa katika masafa yaleyale ya mwimbaji, kwa hiyo kazi kubwa ni nani ashuke desibeli mbili mwimbaji anapofungua mdomo na apande tena anaponyamaza. Hilo halifanywi na feda iliyotulia. Linahitaji otomesheni, yaani programu isogeze feda yenyewe kama ulivyoichorea, mstari kwa mstari.

Singeli ni habari nyingine. Kasi yake hupita mapigo 200 kwa dakika, na kwa mapigo 200 kila pigo lina milisekunde 300 tu, muda uleule ambao sindano ya mita inauhitaji kutulia. Mkia wa kiki moja haujaisha kabla nyingine haijagonga. Wastani unakaribia vilele kwa asili ya muziki wenyewe, hata kabla ya limita. Anayejaribu kulazimisha nafasi kubwa kati ya wastani na vilele kwenye singeli anapigana na muziki. Fupisha kiki, fupisha mkia wa besi, na ukubali mita ikae juu.

Kuhusu mwimbaji wa Kiswahili nina jambo ninalolijali sana, kwa sababu mafunzo mengi tunayoyatazama mtandaoni yametengenezwa kwa nyimbo za Kiingereza. Sisi mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi ya mwisho huanguka. Mwimbaji anasema "moyoni", "yo" inapiga kelele, "ni" inazama kwenye snea. Halafu mianzo yetu imejaa "m" na "n": mtoto, mpenzi, nchi, mbali. Sauti hizo za puani ni ndogo na nzito, nguvu yake iko chini, mahali ambapo gitaa na sehemu ya juu ya besi zimeshajaa. "Simpendi" ikipoteza "m" yake inakuwa "sipendi", na msikilizaji anapata maana nyingine. Kompresa hailioni hilo, yenyewe inashughulika na sauti kubwa. Fungua klipu, pitia neno kwa neno, pandisha zile "m" desibeli 2 au 3, pandisha silabi za mwisho desibeli 1 au 2, na ufanye hivyo kwa geini ya klipu kabla ya kompresa. Wimbo mzima huchukua muda, lakini baada ya hapo unaweza kumshusha mwimbaji desibeli nzima na bado kila neno likasikika, na desibeli hiyo moja ni nafasi uliyoipata bure.

Sauti ya chumba chako nayo ni kiwango

Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Bell Labs walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio halisikii masafa yote kwa usawa, na kwamba tofauti hiyo hubadilika kadiri sauti inavyopanda. Kwa sauti ndogo tunapoteza besi nyingi. Kwa sauti kubwa besi inarudi. Masafa ya kati kuelekea juu, karibu na hezi 2,000 hadi 5,000, ndiyo tunayoyasikia kwa wepesi zaidi.

Maana yake kwa fundi ni hii: ukifanya miksi usiku kucha spika zikiwa zimefunguliwa hadi mwisho, besi itakutosha mapema, utaishusha, na kesho wimbo ukipigwa kwa sauti ya kawaida sebuleni utakuwa mwembamba. Tena masikio yenyewe huchoka. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inaweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa nane, na kila ukiongeza desibeli 3 muda salama unakatika nusu. Chagua sauti ambayo unaweza kuongea na mtu aliye kando yako bila kupaza, weka alama kwenye kitufe cha kadi ya sauti, na uirudie alama hiyo kila siku. Hiyo alama ina faida kubwa kuliko mita yoyote: baada ya wiki chache utajua kwa sikio kwamba miksi imepanda kuliko kawaida yako.

Ongeza kwa muda mfupi ukitaka kusikia besi, kisha rudi. Shusha mpaka iwe kama redio ya jirani, usikilize ni nini kinabaki. Kama ni haihati (matoazi madogo ya ngoma) tu, uwiano haujakaa. Na ukishalinganisha, geuza yote iwe mono, kwa sababu simu ya mtu, spika ya dukani na mitambo mingi ya kumbi hutoa sauti moja. Kinanda kilichotandazwa kulia na kushoto kwa hila za stirio kinaweza kushuka desibeli kadhaa au kutoweka kabisa kwenye mono. Ni heri ulijue hilo ukiwa bado unaweza kulirekebisha.

Besi na simu ndiyo ugomvi wa kila siku. Spika ya simu haitoi chochote cha maana chini ya hezi 150 hivi. Msanii akisikiliza kwenye simu anasema besi haipo, na prodyuza anaipandisha desibeli 4. Sasa kwenye gari wimbo unanguruma na chaneli kuu imejaa masafa ya chini ambayo ndiyo yanayokula nafasi kuliko yote. Besi isiyosikika kwenye simu inahitaji harmoniki, yaani sauti za juu zinazoandamana na noti yake, kwa saturesheni (mkwaruzo mdogo wa makusudi) kidogo, ili spika ndogo ipate cha kutoa. Kiwango kiache.

Na wimbo wa kulinganishia, ule wa msanii mkubwa unaouweka kando ya miksi yako, umeshafanyiwa masta. Uko juu kuliko wako kwa desibeli 8 au zaidi. Sikio huchukulia kilicho kikubwa kuwa kizuri, hata kwa tofauti ya desibeli moja. Ushushe ufanane na wako kabla ya kulinganisha chochote, la sivyo utaanza kuongeza kila kitu, na kufikia saa sita usiku limita imeshaingia.

Biti ya kupakua

Sehemu hii ni yetu hasa. Msanii anakuja na biti moja ya MP3, yaani muziki uliokwisha tengenezwa bila mwimbaji (si zile biti za kuhesabia), iliyoshafanyiwa masta na aliyeitengeneza, vilele vimegusa sifuri na ukubwa wake uko kwenye −8 au −9 LUFS, kipimo cha ukubwa wa wimbo kwa wastani jinsi sikio linavyousikia. Anataka sauti yake iwekwe juu. Mahali pa kuiweka hakuna. Ukimpandisha asikike, chaneli kuu inapasuka, ukimshusha anazama.

Jambo la kwanza ni kuishusha biti desibeli 8 hadi 10 kabla ya kitu kingine chochote. Itasikika ndogo na msanii atalalamika. Mwongezee sauti ya spika, mita usiiguse. Jambo la pili ni kumwingiza mwimbaji juu ya biti hiyo iliyoshushwa na kuichimbia biti nafasi kwa ikulaiza, desibeli 2 au 3 pale maneno yanapokaa, na ikiwezekana ikulaiza inayofanya kazi tu mwimbaji anapoimba. Lakini ukweli usemwe: biti iliyokwisha kubanwa haifunguki. Vilele vya kiki vimeshakatwa, na masta wa pili juu ya masta wa kwanza huongeza ukali peke yake. Kama kuna bajeti yoyote ya wimbo, itumike kwanza kununua faili za kila chombo kutoka kwa mwenye biti, kabla ya kulipia video. Tofauti itasikika kuliko plagini zote utakazonunua.

Sasa, ile −6

Programu za kisasa, FL Studio, Cubase, Reaper, Logic Pro na wenzao, hufanya hesabu za ndani kwa biti 32 au 64 zenye nukta inayoelea. Ndani ya hesabu hizo sifuri si kikomo. Chaneli kuu ikisoma +3, hakuna kilichopotea bado. Shusha feda kuu desibeli 9 na wimbi linarudi zima, vilele vyote vipo, kwenye −6. Kupasuka kunatokea pale unapotoa faili la biti 16 au 24 sauti ikiwa bado juu ya sifuri, au sauti inapoingia kwenye plagini isiyovumilia kuzidishiwa, au inapokwenda kwenye spika zako. Kwa hiyo kushusha feda kuu mwishoni si dhambi, tofauti na inavyosemwa, mradi kwenye chaneli kuu hakuna kompresa wala limita iliyokuwa ikigongwa kupita kiasi kabla ya feda hiyo.

Fundi wa masta naye anaweza kuishusha faili yako mwenyewe kwa sekunde moja. Vilele vyako vikiwa −6, −3 au −1, kazi yake haibadiliki, alimradi havijakatwa. Anachokihitaji ni umbali kati ya vilele na wastani. Miksi yenye vilele vya −6 na ukubwa wa −18 LUFS ina desibeli 12 za uhai. Kiki inaruka, pumzi ipo, naye ana cha kuchonga. Miksi iliyobanwa hadi −8 LUFS kisha ikashushwa ili vilele visome −6 inakuwa −14 LUFS, na umbali umebaki desibeli 8. Namba ya juu inafanana kwa zote mbili. Ya kwanza ni miksi, ya pili ni masta mbaya iliyopunguzwa sauti.

Jambo hili limewahi kuwakuta hata wakubwa. Metallica walipotoa albamu ya Death Magnetic mwaka 2008, mashabiki walilalamika kwamba sauti imepasuka, hasa baada ya kusikia nyimbo zilezile ndani ya mchezo wa kompyuta wa Guitar Hero zikiwa hazijabanwa kiasi hicho. Lawama zilimwendea Ted Jensen, aliyefanya masta. Yeye alieleza kwamba miksi zilimfikia zikiwa zimeshabanwa kabla hajazigusa. Fundi mwenye uzoefu wa miongo hakuwa na la kufanya, kwa sababu uamuzi ulishafanyika chumba kilichotangulia.

Na mbio zenyewe za ukubwa faida yake imepungua. Spotify husawazisha nyimbo karibu na −14 LUFS, Apple Music hutumia −16 pale kisawazishi chake kinapokuwa kimewashwa, na YouTube hushusha zilizozidi. Wimbo wa −7 ukifika huko unashushwa, na kinachobaki ni ule ubapa wake. Najua wimbo hauchezwi huko pekee. Kuna DJ wa harusini, kuna daladala na matatu, na huko hakuna anayesawazisha. Bado ni kazi ya masta kuufikisha wimbo ukubwa huo, kwa limita inayosikilizwa kwa makini juu ya miksi nzima iliyo hai.

Kwa hiyo ukiniuliza, −6 ni desturi nzuri ya kukuweka mbali na ajali, sawa na −4 au −8. Ifikie kwa kupanga uwiano, isiwe kwa kushusha tofali.

Unapotoa faili, toa WAV ya biti 24, au 32 ya nukta inayoelea kama fundi anaikubali, kwa kiwango cha sampuli kilekile cha mradi. Kama ulirekodi kwa hezi 48,000 usibadilishe kuwa 44,100. Zima kitu chochote cha kusawazisha vilele kiotomatiki kwenye dirisha la kutoa faili, maana hicho hupandisha kila kitu hadi sifuri. Chunguza chaneli kuu kabla hujabonyeza, kwani programu nyingine hufungua mradi mpya ukiwa na limita tayari. FL Studio ina kiolezo cha namna hiyo, na wengi hawajui ipo. Kompresa ndogo ya chaneli kuu uliyoisikiliza tangu mwanzo wa miksi na kujenga juu yake iache, ni sehemu ya wimbo. Limita ya kuongeza ukubwa iondoe. Acha sekunde mbili tupu mwanzoni na uuache mwangwi wa mwisho uishe wenyewe.

Kisha toa faili la pili ukiwa na limita yako, ule ukubwa ambao msanii ameuzoea na kuupenda akiwa studio, na uliite jina linaloeleweka. Fundi wa masta hatalifanyia kazi. Atalisikiliza ajue mlikuwa mnaelekea wapi, na kama besi yako inabadilika tabia limita ikiingia, ataligundua hapo kabla hajaanza.